Msaidizi wa Fundi Asiyekuwepo

TANGAZO. Wananchi wote wa Kyamboo, Tawa, Wote na vitongoji vyake, wake kwa waume, wenye viatu na wasio na viatu, mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba ubaguzi wa rangi katika kazi, biashara, mikopo na makao, uliozaliwa siku isiyojulikana na kulelewa hapa kwetu kwa gharama kubwa, utakomeshwa rasmi Ijumaa hii saa nne kamili za asubuhi, mbele ya nyumba namba moja ya kinu cha pamba. Kutakuwa na nyimbo. Watoto wasikanyage maua.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa bohari mwezi wa Agosti mwaka 1969, na lilitiwa sahihi na Bwana Kivuva, afisa wa wafanyakazi wa kinu. Maneno ya viatu aliyaongeza Wariara, mpiga chapa, binti wa mwenye duka la misumari kule Emali. Kivuva hakuyaona, maana hakuwa na desturi ya kusoma anachotia sahihi.

Mtu aliyekuwa anakwenda kukombolewa siku hiyo hakuwa na habari. Alikuwa amelala chali chini ya injini, amepakaa grisi mpaka kwenye nyusi, anaitukana nati moja iliyokataa kulegea. Jina lake Kiema. Kwenye daftari la kampuni aliandikwa Msaidizi wa Fundi. Fundi mwenyewe hakuwepo. Tutafika huko.

Kiema alizaliwa karibu na Tawa. Vita vya Hitler vilimchukua akiwa kijana, vikampeleka mpaka Burma, vikamtia kwenye karakana ya magari ya jeshi. Wenzake walirudi na medali na ndoto mbaya. Yeye alirudi na masikio. Alikuwa na kijiti cha mkwaju, kirefu kama mkono wa mtoto. Ncha moja aliiegemeza kwenye chuma cha injini, ncha nyingine akaiuma kwa magego, akafumba macho. Mlio ulipanda kwenye mfupa wa taya mpaka kichwani, naye akasema, "Beringi ya pili. Siku tisa zimebaki." Siku ya kumi beringi ilikuwa vipande.

Kinu kilimwajiri mwaka 1946. Akaandikwa boi wa injini. Alikuwa na miaka ishirini na sita na ndevu.

Kinu kilikuwa na injini moja. Injini hiyo ilichambua pamba ya Makueni nzima na ya Kitui iliyovuka mto, na ilivuta pia maji kutoka kisimani kwa pampu. Maji yalipanda kwenye tangi, yakashuka kwa bomba hadi nyumba namba moja, nyumba ya Fundi: matofali, mabati mekundu, na mfereji wa shaba nje ya jiko. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa ng'ambo ya uzio, na maji yao yalikuwa mtoni. Mto wenyewe, kama mito yote ya huku, ulikuwa mchanga mtupu. Mtu akachimba shimo mpaka kiunoni na kusubiri maji yajikusanye yakipenda.

Aliyechimba na kusubiri ni Kasyoka, mke wa Kiema. Aliyabeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, maili mbili kwenda na maili mbili kurudi, na kila siku alipita mbele ya mfereji ule wa shaba. Ulikuwa ukidondoka. Tone lilinywesha maua ya Fundi, na maua yaliposhiba, mbwa wa Fundi. Mwaka 1949 Kasyoka alisimama pale akiwa na mimba ya Mbula, akauliza, "Mume wangu, sisi tutachota hapo lini?"

"Mwaka ujao," Kiema akasema. Alikuwa mtu wa kweli. Aliamini kwamba anayefanya kazi ya Fundi atafanywa Fundi, na anayefanywa Fundi atapewa nyumba ya Fundi. Mwaka ujao ulipofika alisema tena mwaka ujao. Akaendelea hivyo mpaka ukanda ukamchimbia mkewe alama kwenye paji la uso, na Kiema akazoea kuongea naye akiangalia pembeni.

Mafundi walikuja. Wa kwanza kule Uingereza alikuwa akitengeneza saa. Wa pili alikuwa mpanda farasi wa jeshi, akaanguka, kichwa kikamsumbua. Wa tatu aliuza cherehani. Wote walikuwa Wazungu, wote walikabidhiwa nyumba namba moja siku waliyoteremka garini, na wote Kiema ndiye aliyewaonyesha pa kutia mafuta. Huyu wa cherehani watu walimwita Kavaluku, yaani sungura, kwa jinsi alivyokimbia injini ikikohoa. Siku moja alitaka kuonyesha kwamba hata yeye ana masikio, akamnyang'anya Kiema kile kijiti na kukiuma. Kumbe meno yake ni ya kubandika. Yakatetemeka kama vikombe kwenye sinia. Kavaluku akatangaza kwamba injini ina ugonjwa mkubwa, kinu kikasimama siku mbili, watu wakafungua kila kitu wakitafuta kelele iliyokuwa mdomoni mwa Bwana.

Uhuru ukaja. Bendera ikapanda, na kampuni ikanunua rangi ya kutosha. Vyoo vitatu vilivyoandikwa Wazungu, Wahindi na Waafrika vikapakwa upya: Wakubwa, Makarani, Wengineo. Harufu ilibaki ya zamani, na foleni pia. Kiema akapandishwa kutoka Boi wa Injini kuwa Msaidizi wa Fundi. Alipewa barua yenye muhuri. Akaenda nayo nyumbani, Kasyoka akaikunja, akazibia dirisha.

Wakati huo ilikuwepo sheria tayari. Ilisema ni marufuku kumbagua mtu kwa rangi yake kazini. Wariara alimsomea Kiema sheria hiyo saa ya chakula, akamwandikia barua ya malalamiko kwa Kiswahili na Kiingereza, na jibu likaja baada ya miezi saba kutoka meza ya Kivuva, hatua kumi na mbili kutoka pale barua ilipoandikiwa.

Kivuva huyu alikuwa mwana wa Kitui mjini. Alikuwa amekaa Uingereza miezi tisa, akarudi na tai tatu na mafua yasiyopona. "Mzee Kiema," alisema, akipenga, "kampuni haibagui rangi. Kampuni ni kipofu kabisa kwa rangi. Nyumba ni ya Fundi. Fundi lazima awe na cheti. Cheti kinatolewa Uingereza."

"Na Kavaluku anacho?"

"Anacho."

"Cha injini?"

Kivuva akatazama dari. "Cha cherehani. Lakini ni cheti."

"Na mimi nikitaka hicho cheti?"

"Unaomba ruhusa ya masomo. Inatolewa kwa Mafundi."

Wariara, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya taipureta, alicheka mpaka akakosea barua nzima. Sheria haikuvunjwa, bwana. Sheria ilikaa pale nzima kama yai, na kila mtu aliipita kwa adabu.

Mwishoni mwa mwaka 1968 Nairobi ikasikia kwamba sheria haifanyi kazi. Ikafanya kile ambacho Nairobi hufanya: ikaunda kamati. Kamati ikazunguka nchi kukusanya maoni ya kuitia sheria nguvu, na siku yake ya mjini Wote ikawadia. Kiema alivaa koti la jeshi, akaenda kwa miguu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliodhani kuna unga unaogawiwa.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Gicheru, wakili mwenye miwani minene na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Mzee, karibu. Je, kazini kwako kuna mtu wa rangi nyingine anayefanya kazi kama yako?"

"Hakuna," Kiema akasema.

"Pole. Basi hatuna wa kukulinganisha naye. Sheria ya sasa inataka ulinganisho."

"Anayefanya kazi yangu ni mimi. Anayelala katika nyumba ya kazi yangu ni yeye."

Ukumbi ukacheka. Gicheru akagonga meza kwa kalamu.

"Unaweza kuthibitisha kwamba sababu ni rangi?"

Kiema akawaza. Akamtaja wa saa, akamtaja wa farasi, akamtaja wa cherehani. "Wamekuja watatu. Hakuna aliyejua injini. Wote walipewa nyumba. Kama si rangi ni nini, mzee? Ni jinsi wanavyochana nywele?"

"Lakini hiyo ni dhana. Tunahitaji uthibitisho kutoka kwako."

Hapo Kiema akachoka. Aliiona ile alama kwenye paji la uso la mkewe kama vile imechorwa kwenye meza ya kamati. "Mbona mnaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyejinyima nyumba? Mwulizeni aliyeninyima. Yeye ana sababu, mimi sina. Aeleze. Akishindwa kueleza, sheria imshike yeye, isinitafute mimi."

Gicheru akavua miwani. "Rudia hayo, polepole."

Kiema akarudia. Makarani watatu wakaandika. Baadaye maneno hayo yaliingia katika ripoti ya kamati kama kifungu cha tisa, kikisifiwa kuwa matunda ya utafiti wa wataalamu.

Nyumbani Kasyoka alikuwa akijipaka mafuta ya mbarika begani. "Wamesemaje?"

"Wameandika."

"Wameandika." Akalifunga kopo. "Na kesho nani ataenda mtoni, kalamu?"

Januari ikaja barua kwamba kamati, kabla ya kumaliza ripoti, itazuru kampuni kadhaa kujionea yenyewe, na kinu cha Kyamboo kimo. Kivuva aliisoma barua hiyo. Ndiyo barua pekee anayojulikana kuwahi kuisoma mpaka mwisho. Akatokwa jasho, mafua yakakauka, akaja na mpango.

"Mzee Kiema, kwa siku mbili wewe ndiye Fundi Mkuu. Koti jeupe hili hapa. Kavaluku ataenda chumba cha wageni na mbwa wake. Wewe na mama mtakaa namba moja. Wageni wakija, mmeishi hapo miaka."

"Halafu?"

"Halafu kazi kama kawaida."

Kiema alitaka kukataa. Alihisi kama ng'ombe anayeoshwa kwa ajili ya maonyesho. Lakini Kasyoka aliitwa, akaja, akasimama mbele ya nyumba namba moja mikono kiunoni. Kivuva alikuwa amelewa akili zake mwenyewe. Aliona nyumba haina dalili ya watu. Jiko la Kavaluku lilikuwa la umeme, baridi, jeupe kama hospitali.

"Mama, lete vyombo vyako. Upike humu ndani. Moshi utoke, wageni waone kwamba familia inaishi."

"Nipike?" Kasyoka akauliza. "Kwa mafiga yangu?"

"Kwa mafiga yako, mama. Ndiyo!"

"Niyapange humu jikoni?"

"Yapange!"

"Umesema mbele ya watu, mtoto wa Ndululu," Kasyoka akasema, maana Ndululu, mama yake Kivuva, alimfahamu.

"Nimesema."

Wapakiaji waliokuwa karibu wakaangaliana. Mmoja akatema mate, akajiondokea taratibu kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi. Kivuva alikuwa amelelewa bwenini na wamisionari, akamalizia Uingereza, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo linalojulikana na kila mchunga mbuzi wa Kyamboo: mwanamke akishaalikwa kupanga mafiga yake ndani ya nyumba, akayawashia moto na kumlisha mumewe, nyumba hiyo imekuwa yake. Mawe hayo hayang'olewi akiwa hai, ila ameachwa. Anayeyang'oa kwa mkono wake anasema hadharani kwamba mji huo umekufa, na watu wanaamini kwamba maneno kama hayo hurudi kwa msemaji.

Kasyoka aliyaleta mawe yake matatu mgongoni, kwa ukanda uleule wa maji, safari tatu, hakukubali kusaidiwa. Aliyapanga katikati ya sakafu ya saruji, kando ya jiko la umeme. Akawasha moto. Dari ya kampuni ikawa nyeusi kabla ya saa sita.

Gicheru na wenzake walikuja, wakala muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wakanywa maji ya mfereji, wakamtazama Kiema katika koti jeupe lenye mikono mifupi kuliko yake. Gicheru akauliza kwa upole, "Umekuwa Fundi tangu lini, mzee?"

Kiema akamwangalia Kivuva, akaiangalia saa. "Tangu asubuhi," akasema.

Kivuva akacheka kwa sauti kubwa mno. Gicheru hakucheka. Aliandika kitu, wakaondoka.

Jumatatu Kivuva akaja na wapakiaji wanane. "Mama, asante sana kwa kazi nzuri. Sasa unaweza kutoa."

"Nitoe nini?"

"Hayo mawe."

Kasyoka akainuka polepole. "Nitoe mafiga? Mimi nimekufa?" Akageuka. "Baba Mbula, umeniacha?"

Kiema alikuwa mlangoni. Alikuwa amesema mwaka ujao kwa miaka ishirini. "Bado," akasema.

"Basi. Atoe anayetaka."

Kivuva akawaamuru wapakiaji. Wa kwanza akasema ana watoto. Wa pili akasema na yeye ana watoto, japo hakuwa ameoa. Mchungaji wa kanisa la hapo kinuni akaitwa aje aseme kwamba mambo hayo ni ushirikina. Akaja na Biblia, akachungulia jikoni, akaona mawe yenye masizi na mwanamke mwenye mwiko.

"Mimi nilibatizwa," mchungaji akasema, "lakini si kwa kiasi hicho." Akaondoka.

Kavaluku, aliyechoka kulala chumba cha wageni na mbwa, akasema kwa Kiswahili chake kwamba yeye atapiga teke mawe hayo sasa hivi. Akainua mguu. Aliyemdaka mkono alikuwa Kivuva mwenyewe, uso umempauka, kwa sababu Kasyoka alikuwa ameanza kusema, taratibu, "Mwache. Halafu nitamtuma mtu Kitui akamweleze Ndululu kwamba mafiga ya Kasyoka yameng'olewa kwa amri ya mwanawe. Akupikie yeye jibu."

Miezi tisa ya Uingereza haikumfundisha Kivuva namna ya kumkabili mama yake. Akarudi ofisini. Wariara anasema alikaa nusu saa akipekua vitabu vya sheria za kazi, akitafuta mafiga.

Jumapili iliyofuata, ya kwanza ya Februari, Kasyoka na Kiema walipokuwa kanisani, Kivuva akatia kufuli mlango wa nyumba namba moja. Walirudi wakaikuta, kubwa, ya chuma, inang'aa. Kasyoka hakulia. Alikaa kwenye ngazi, akaweka mkono kwenye paji la uso, pale penye alama. Hilo ndilo lililommaliza Kiema. Alikwenda karakana katika suti yake ya kanisani, akarudi na bisibisi, akafungua skrubu za komeo moja moja. Dakika kumi. Katika maisha yake alikuwa ametengeneza magari ya mfalme wa Uingereza, pampu ya kampuni na redio ya mkuu wa polisi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujitengenezea kitu yeye mwenyewe. Akaitupa kufuli kwenye maua.

Ikabaki silaha moja. Kivuva akaagiza maji ya namba moja yakatwe.

"Yanakatwa kwa kuzima pampu," Kiema akasema. Kijiti kilikuwa kwenye magego, kwa hiyo alisema kupitia pembe ya mdomo. "Pampu ndiyo inapeleka maji ya kupoza injini. Ikizimwa, injini itachemka. Ikichemka, mimi ni msaidizi tu. Nitamwita Fundi."

Wote wakageuka kumtazama Kavaluku. Kavaluku akamtazama mbwa.

Mwezi wa Juni Kavaluku akafungasha, akaenda Afrika Kusini, ambako sheria bado zilimpenda. Kampuni ikatangaza nafasi ya Fundi. Mwenye cheti hakutokea. Kiema akaomba, akajibiwa kwa muhuri kwamba ombi lake linashughulikiwa, na kwamba kwa sasa anaendelea kuwa Msaidizi wa Fundi, hata kama hakuna Fundi wa kumsaidia.

Mwezi huohuo sheria mpya ikapita, kifungu cha tisa kikiwa ndani. Ilikuwa sheria nzuri. Mimi nimeisoma, na sisemi hivyo kuhusu mambo mengi niliyowahi kupewa nisome. Ilisema mwajiri ndiye aeleze, na akishindwa aadhibiwe. Ilichosahau kusema ni nani atakayemwuliza. Hakuna mkaguzi aliyeajiriwa, hakuna mahakama iliyotajwa, hakuna hata karani wa kufungua barua. Kampuni ikaikaribisha kwa mikono miwili. Kivuva akaona mara moja kwamba kinu tayari kina Mwafrika ndani ya nyumba namba moja, jambo ambalo kampuni ilikuwa imepigana nalo tangu mwisho wa Januari, na akaandika Nairobi kuarifu kwamba Kyamboo imetii sheria miezi minne kabla haijatungwa.

Ndiyo maana ya Ijumaa ile. Kiema alivutwa miguu kutoka chini ya injini, akafutwa uso kwa pamba ya kampuni, akasimamishwa mbele ya nyumba namba moja, kati ya wanakwaya na maua. Gicheru alikuwa amekuja kwa niaba ya serikali. Kivuva alihutubia kwa dakika arobaini. Alisema ubaguzi ulikuwa jambo baya, na kwamba yeye binafsi aliushangaa. Wachongaji wa Tawa walikuwa wametengeneza ufunguo wa mti wa mpingo, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umepakwa vanishi, umefungwa utepe. Gicheru akaupokea, akaushika kama mtoto wa kubatizwa.

"Mzee Kiema," akasema, na kwa kweli sauti yake ilitetemeka, maana alikuwa mtu mwema na aliamini vifungu. "Kwa miaka ishirini na mitatu ulinyimwa haki yako kwa sababu ya rangi ya ngozi yako. Leo, kwa nguvu ya sheria, taifa linakufungulia mlango huu. Pokea ufunguo wako. Na uwaambie wananchi: una la kusema?"

Kiema akaushika ufunguo, akaugeuza, akatafuta meno yake, akayaona yamechongwa maua. Nyuma ya Gicheru Kasyoka alikuwa amesimama na ndoo, anangoja wageni wasogee.

"Huu mlango hauna kufuli," Kiema akasema. "Mpisheni Mama Mbula achote maji."